Andika bei, taja mahali: kuuza mtandaoni ukiwa Kibaha au Kisarawe

Ukiandika "Kibaha" au "Kisarawe" kwenye sehemu ya kutafutia ya Instagram au Facebook, hutakawia kukutana na viwanja. Viwanja vilivyopimwa, viwanja vyenye hati, viwanja vya kulipia kidogo kidogo, viwanja vilivyo "dakika kumi tu kutoka lami". Fundi seremala wa Mkuza, mfugaji wa kuku wa Misugusugu na muuza korosho wa Maneromango wote wanaingia mtandaoni na kuwakuta wauza viwanja wameshatangulia. Wana ya kujifunza kwao, na wana ya kuyakimbia.

La kujifunza ni kwamba tangazo la kiwanja lililoandikwa vizuri linajibu kabla hujauliza. Linataja ukubwa kwa mita za mraba, bei ya kila mita, umbali kutoka Barabara ya Morogoro, kama umeme na maji vimefika, malipo yanakwendaje, na siku ya kupelekwa kuona saiti. Ukimaliza kusoma unajua kama kinakufaa au hakikufai. Sasa fungua ukurasa wa duka la nguo au wa mpika keki wa hapa hapa: "Mzigo mpya umeingia wapendwa, bei njoo DM." Saizi hazijatajwa, bei haipo, na huelewi kama duka liko Maili Moja au Mlandizi.

La kulikimbia unalijua. Hizo dakika kumi hujui zimepimwa kwa chombo gani wala msimu gani, na wapo watu waliolipa pesa kwa kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa mwingine. Ndiyo maana mnunuzi wa mtandaoni siku hizi ni mtu wa mashaka. Akiona tangazo lako, kabla ya kujiuliza kama kitu ni kizuri anajiuliza kama wewe upo kweli. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini ni njia ya kumjibu swali hilo.

Bei iwe hadharani

Wafanyabiashara wana sababu zao za kuficha bei. Wapo wanaomwogopa mshindani, wapo wanaotaka kwanza kumpima mteja mfuko, na wapo walioiga tu kwa sababu kurasa kubwa za Kariakoo zinafanya hivyo. Sababu ya kwanza haina nguvu: mshindani wako anaijua bei yako tangu zamani, alishamtuma kijana akaulizie. Ya pili ndiyo inayokumaliza, kwa sababu mteja akishahisi anapimwa mfuko haulizi tena, anapita. Na kuhusu kuiga, duka la Kariakoo linaweza kumlipa mtu akae kutwa akijibu meseji. Wewe uko peke yako, mkono mmoja una unga na mwingine ndio unashika simu.

Kama bei hubadilika kulingana na ukubwa au kazi, andika "kuanzia" na utaje kinachoipandisha. Chukua mfano wa mfugaji wa kuku. Tangazo lake la kawaida husema: "Kuku wapo, bei nzuri, karibuni sana." Hebu tuliandike upya, bei zikiwa za mfano tu:

"Kuku wa nyama, wiki ya tano. Mmoja 8,500, ukichukua kumi au zaidi, 8,000. Kuchinja na kunyonyoa 500. Tupo Misugusugu, Kibaha, mita mia tatu kutoka lami. Bodaboda hadi Maili Moja 2,000, analipa mteja. Jumanne na Ijumaa jioni tunashusha Mbezi Mwisho. Agiza siku moja kabla kwa WhatsApp."

Ni mistari michache, na haina hata neno moja la kusifia. Aliyeisoma anaweza kupiga hesabu ya sherehe yake akiwa amekaa kwenye daladala. Ndiyo kazi ya tangazo.

Kongowe ipi, Masaki ipi?

Hapa wafanyabiashara wa Pwani wana tatizo lao ambalo vitabu vya biashara havilijui. Kuna Kongowe ya Kibaha na kuna Kongowe ya upande wa Mbagala, Dar es Salaam. Kuna kata ya Masaki wilayani Kisarawe na kuna Masaki ya rasi ya Msasani, wanakokaa mabalozi. Kibaha ina kata inayoitwa Pangani, na Tanga ina wilaya nzima ya jina hilo. Taja soko la Loliondo kwa mtu asiyeijua Kibaha, akili yake itakwenda Ngorongoro. Aliyeandika "Asali safi, tupo Masaki" asishangae mteja akimwambia atapita akitoka kazini, kisha akakasirika alipoambiwa apande gari la Kisarawe.

Kiluvya nayo ina mtego wake. Kata hiyo ni ya Wilaya ya Kisarawe, lakini ipo kwenye njia ya Morogoro. Ukiandika "Kisarawe" peke yake, mteja atashika njia ya Gongo la Mboto na Pugu, upande mwingine kabisa, na akifika hatakusamehe. Andika mtaa, kisha alama ambayo kila kondakta anaijua, kisha wilaya: "Kwa Mathias, Kibaha", "Kongowe ya Kibaha, njia ya Morogoro", "Kiluvya, njia ya Morogoro, baada ya Kibamba".

Maneno hayo yasiishie kwenye maelezo ya posti. Instagram ina nafasi ya jina, tofauti na lile la mtumiaji, na mtu akitafuta, jina hilo husomwa. "Keki Kibaha" au "Fenicha Mlandizi" litaonekana kwa anayetafuta keki au fenicha. "Mama Naa Classic" litaonekana kwa anayekujua tayari. Duka lenye mlango liwekwe pia kwenye Google Maps. Ni bure, ingawa Google itataka uthibitishe, mara nyingi kwa video inayoonyesha barabara, kibao cha duka na wewe mwenyewe ukilifungua. Ukishathibitishwa, mtu aliyetoka Hospitali ya Tumbi akatafuta mahali pa kula au pa kutoa kopi ataliona jina lako bila wewe kuposti chochote.

Jirani kwanza

Wafuasi elfu kumi waliotawanyika Mwanza, Arusha na Marekani hawatanunua chapati zako. Watu mia mbili wanaoishi Tumbi, Picha ya Ndege na Maili Moja wanatosha kuufanya mgahawa usimame. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Kuna watumishi wa ofisi za serikali, wauguzi, walimu, wafanyakazi wa viwandani, na Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordic, lina shule na watumishi wake. Wengi wa watu hawa ni wa mshahara. Kitanda, jiko la gesi na suti ya harusi vitangazwe kuanzia tarehe 20 ya mwezi. Vitafunwa, mboga na vocha havina tarehe.

Watu hawa tayari wako kwenye makundi ya WhatsApp: la wazazi wa darasa, la kikoba, la kwaya, la msikiti, la wakazi wa mtaa. Hapo ndipo biashara ndogo za Kibaha zinapopata wateja wa kwanza, zaidi kuliko kwenye ukurasa wowote. Lakini kuna adabu yake. Muulize kiongozi wa kundi kama matangazo yanaruhusiwa na siku gani. Posti mara moja, picha moja au mbili, ukae kimya. Kama kundi ni la msiba au la mgonjwa, usithubutu. Na usichukue namba za watu kwenye kundi la shule ukawatumbukiza kwenye kundi lako la biashara bila kuwauliza. Watatoka mmoja mmoja, na kila "ametoka" inasomwa na waliobaki.

Kisarawe mambo ni tofauti kidogo. Mnunuzi mkubwa wa mihogo, korosho, maembe na asali ya huko mara nyingi yupo ng'ambo ya Pugu: Ukonga, Gongo la Mboto, Buguruni. Huyo hawezi kuja kuona kitu, kwa hiyo mwonyeshe kinakotoka. Video ya nusu dakika ya mihogo inang'olewa Msanga, udongo ukiwa bado umeshika, inauza kuliko picha ya gunia lililoegemezwa ukutani. Wenye migahawa na nyumba za wageni Kisarawe mjini wana bahati nyingine: watu wa Dar wanaokwenda kutembea Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi mwisho wa wiki. Wanapiga picha nyingi, na wanakuwa na njaa. Mtu huyo hutafuta chakula kwa simu siku moja kabla, kwa hiyo menyu na bei zako ziwe zimeshawekwa mtandaoni Ijumaa.

Kwa Kibaha, soko la Dar limesogea tangu Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara, kipande cha kilomita 19.2. Hata hivyo usiahidi "tunafikisha popote". Chagua siku mbili za kushusha mzigo na kituo kimoja, uziandike, na usizivunje. Mteja wa Mbezi akijua kila Ijumaa saa kumi na moja jioni upo, hahitaji tangazo jipya.

Simu yenyewe

Kama utafanya jambo moja tu la kiufundi, pakua WhatsApp Business. Ipo tangu mwaka 2018, haina malipo, na inakupa vitu ambavyo ile ya kawaida haina: anwani, saa za kazi, katalogi ya bidhaa na bei zake, na majibu yaliyoandaliwa. Swali "mpo wapi?" utaulizwa mara nyingi kuliko salamu, kwa hiyo andaa jibu lake mara moja, lenye ramani, na liite kwa alama moja tu ya kibodi. Tumia pia lebo: aliyeagiza, aliyelipa, aliyepelekewa, anayedaiwa. Mpika keki mwenye oda tano za Jumamosi anaelewa kwa nini lebo ni muhimu kuliko wafuasi.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua hadi watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila mteja anayelipa mwambie: "Nisevu, Ijumaa nitakutumia bei za wiki." Asiyetaka hatakusevu, na hutamsumbua. Stetasi nayo hudumu saa 24. Iweke jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, watu wakiwa njiani au wamekaa nyumbani. Posti mbili tatu zinatosha. Mtu mwenye vidoti arobaini juu ya stetasi yake hupitwa bila kusomwa.

Kuhusu picha, simu uliyonayo inatosha. Futa lenzi kwanza, maana ya muuza chapati ina mafuta. Piga asubuhi au alasiri, karibu na mlango au chini ya kivuli, jua lisikupige mbele. Ondoa ndoo na kandambili nyuma ya bidhaa. Weka kitu cha kulinganishia ukubwa: mkono, kikombe, mtu aliyesimama kando ya kabati. Kwenye video andika maneno machache juu yake, kwa sababu wengi hutazama TikTok kwenye gari bila sauti, na TikTok ndiyo yenye tabia ya kuionyesha video yako kwa watu wasiokufuata kabisa.

Kuna kosa moja ambalo sina huruma nalo: picha ya kuazima. Fundi anachukua picha ya kochi kutoka tovuti ya nje, anaandika "tunatengeneza kama hili", mteja anatoa nusu ya pesa, na siku ya kupokea kochi halifanani hata kwa miguu. Bora kochi lako la kawaida, limepigwa picha kwenye karakana yako, vumbi la mbao likionekana. Hilo vumbi ni ushahidi kwamba unatengeneza. Na ukipenda kumpiga picha mteja akiwa amekaa juu yake, mwombe ruhusa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda.

Kulipia tangazo

Usilipie posti ambayo haijapendwa na mtu bure. Ngoja uone ipi imeulizwa zaidi, ndipo uisukume kwa pesa. Facebook na Instagram zinakuruhusu kuweka pini kwenye ramani, tuseme Maili Moja, na kuchora duara la kilomita chache kuizunguka. Ukiacha nchi nzima ikiwa imechaguliwa, pesa yako itakwenda kuwaonyesha watu wa Bukoba kitumbua cha Kibaha. Malipo yanataka kadi, na huduma za pesa za simu sasa zinatoa kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard kwa wasio na ya benki. Anza na kiasi ambacho kikipotea hakitagusa mtaji, kisha hesabu walioulizia na walionunua. Mioyo haihesabiwi.

Anayekuahidi wafuasi elfu tano kwa shilingi elfu kumi mkatae. Atakuletea akaunti zisizo na watu, na mtandao ukiona wafuasi wako hawagusi posti zako utazionyesha kwa wachache zaidi.

Pesa inapoingia

Tumia lipa namba yenye jina la biashara. Mteja akiona jina kwenye simu yake linafanana na la ukurasa, shaka inapungua. Kama ukurasa unaitwa Neema Fenicha na pesa zinakwenda kwa jina la mwanamume asiyejulikana, mwenye akili anaacha. Nchi hii imechoka na meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii".

Na wewe jilinde. Meseji ya malipo ya kughushi ni rahisi kuandika, hasa saa ya msongamano. Usitoe mzigo kwa kusoma meseji aliyokuonyesha mteja kwenye simu yake wala iliyotoka kwenye namba ya kawaida. Ingia kwenye menyu uangalie salio. Anayesema amekosea kutuma, mwelekeze kwa mtandao wake wa simu. Zile tarakimu sita ambazo WhatsApp hukutumia usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kama mtoa huduma, na washa uthibitisho wa hatua mbili leo hii. Meseji za kitapeli zipeleke TCRA kwa namba 15040, na piga *106# uone kama kuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Sheria nazo si za kampuni kubwa tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hii amweleze mnunuzi yeye ni nani, anapatikana wapi, anauza nini na kwa bei gani. Yaani "njoo DM" haipingwi na wateja peke yao. Mwaka 2025 TRA iliwataka wanaofanya biashara mtandaoni wajisajili, kwa hiyo TIN usiiahirishe. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao. Vyakula vya kufungashwa na vipodozi vipo chini ya TBS tangu 2019. Ofisi ya SIDO ndiyo pa kuanzia kwa msindikaji mdogo. Dawa, hasa zile za "kuongeza" hiki na kupunguza kile, usiziposti bila kibali, hata kama jirani anaziposti.

Siku mtandao ukizima

Ukurasa si mali yako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizopo chini ya bahari zilikatika, intaneti ya Tanzania ikayumba. Mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Ongeza hapo akaunti zinazodukuliwa na simu zinazoibwa kwenye daladala.

Aliyekuwa na wateja wake mtandaoni peke yake hakuwa na pa kuanzia. Aliyekuwa na namba zao kwenye daftari aliweza kupiga simu ya kawaida na kusema kuku wapo. Nunua daftari la kaunta. Andika jina la mteja, namba, mtaa anakokaa, alichonunua na tarehe, ukianza na walionunua wiki hii, na ulitunze mbali na simu yako.